Mpe Jibu, Usimpe Daftari Zima

Vikundi vingi vya maendeleo siku hizi vimeacha vile vitabu vilivyochakaa na kuanza kuweka kumbukumbu zao katika kompyuta. Mradi wa maji una orodha ya mita na madeni. Kikundi cha akina mama kina orodha ya akiba na mikopo. Zahanati ina orodha ya wagonjwa, na mpango wa karo una orodha ya wanafunzi. Ni jambo zuri. Hesabu iliyokuwa ikimkalisha karani wiki nzima sasa inamchukua dakika chache tu.

Lakini pamoja na urahisi huo umekuja mzigo mpya. Zamani mtu aliyetaka kujua mambo ya watu mia tatu ilibidi aje ofisini, aombe kabati lifunguliwe, kisha akae chini kunakili kwa mkono mpaka jioni. Watu wangemwona na kumwuliza anafanya nini. Leo anatumiwa faili moja kwa simu, na watu wote mia tatu wako mfukoni mwake. Naye anaweza kumtumia mwingine, na huyo mwingine akamtumia wa tatu. Hakuna anayejua faili imelala wapi.

Ndugu msomaji, hatusemi kwamba ofisi zifunge habari zote kwa kufuli. Mwalimu, mhasibu, muuguzi, mfadhili na kamati, wote wana sababu ya haki ya kuuliza mambo fulani. Swali letu ni hili: tutawapaje majibu wanayoyahitaji bila kuwaanika watu waliotuamini?

Hifadhidata na maswali yake

Hifadhidata ni daftari kubwa lililo ndani ya kompyuta. Lina mistari na safu. Kila mstari ni mtu mmoja, na kila safu ni jambo moja kumhusu: jina, kijiji, namba ya simu na kadhalika.

Tuchukue mfano wa mpango wa karo wenye wanafunzi 300. Daftari lake lina safu 12: jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, shule, kidato, jina la mzazi au mlezi, namba ya simu ya mzazi, namba ya kitambulisho chake, hali ya nyumbani, hali ya afya, na kiasi cha karo. Mistari 300 mara safu 12 ni vyumba 3,600 vya habari.

Uzuri wa hifadhidata ni kwamba unaweza kuiuliza swali. Unaiambia: nionyeshe wanafunzi wa shule hii tu, na kwa kila mmoja nionyeshe jina, kidato na karo. Inachuja na kukuletea jibu. Kama shule hiyo ina wanafunzi 14 katika mpango, jibu lina mistari 14 na safu 3, yaani vyumba 42.

Hebu linganisha: 42 na 3,600. Mhasibu wa shule alihitaji 42. Akitumiwa faili nzima, amepewa vyumba 3,558 ambavyo havimhusu hata kidogo. Ndani yake mna habari za watoto wa shule nyingine, namba za vitambulisho vya wazazi, na maneno kama "baba yuko jela" au "mama ni mgonjwa". Mhasibu hakuyaomba. Sasa anayo, na yeye pia atalazimika kuyalinda, kama anajua kwamba yamo.

Hapo ndipo lilipo somo letu lote. Mtu akikuuliza swali, mpe jibu la swali lake. Usimpe daftari zima akajitafutie mwenyewe.

Madhara yako wapi?

Wengine husema, "Sisi ni watu wa kijiji kimoja, tunajuana, kuna siri gani?" Kumbe hapo kijijini ndipo madhara huwa makali zaidi.

Fikiria mama anayechukua dawa za virusi vya UKIMWI. Amewaambia watu wawili tu: muuguzi na dada yake. Siku moja orodha ya waliopewa unga na mafuta ya kupikia inabandikwa ukutani, na juu ya safu moja pameandikwa jina la mradi ambao kila mtu anajua ni wa wagonjwa wa aina gani. Hakuna aliyetangaza siri yake kwa mdomo. Orodha ndiyo iliyosema. Mama huyo anaweza kuacha kuja kuchukua chakula, na baadaye akaacha kuja kuchukua dawa. Hapo orodha iliyoandikwa ili kumsaidia imemfukuza mahali pa msaada.

Au fikiria orodha ya akiba. Ikijulikana kwamba mjane fulani ana shilingi 60,000 kwenye kikundi, jamaa watakuja na shida zao, na wezi nao watakuja na panga. Au fikiria mtoto aliyeandikwa kwamba alidhulumiwa nyumbani. Mtu aliyemdhulumu akipata jibu hilo, atajua mtoto amesema.

Tena kuna namba za vitambulisho na za simu. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipoangalia kumbukumbu za vyama vya siasa kwenye mtandao wa serikali, walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Namba zao zilikuwa zimetumiwa bila wao kujua. Jambo hilo lilitufundisha sote kwamba orodha yenye majina, vitambulisho na simu ni mali, na kuna watu wanaoitafuta.

Mambo yaliyotokea ng'ambo

Msidhani ni ofisi ndogo tu zinazopatwa na mambo haya. Kuna visa viwili vinavyojulikana sana, na vyote vinahusu jibu lililozidi swali.

Kisa cha kwanza ni cha Uingereza, mwaka 2007. Idara ya kodi ya nchi hiyo ilikuwa na hifadhidata ya familia zinazolipwa posho ya watoto. Wakaguzi wa hesabu za serikali waliomba sehemu yake ili wafanye ukaguzi, na walikuwa wamesema hawahitaji habari za benki na mambo mengine ya familia. Lakini kuchuja daftari kungeleta gharama zaidi. Basi likanakiliwa zima katika diski mbili na kutumwa mwezi Oktoba kwa mjumbe wa vifurushi, bila hata kuandikishwa ili lifuatwe njiani. Diski zilikuwa na neno la siri, lakini habari zenyewe hazikuwa zimegeuzwa kuwa maandishi ya fumbo yasiyosomeka bila ufunguo.

Diski hazikufika. Ndani yake mlikuwa na habari za watu milioni 25: majina ya wazazi na watoto, anwani, tarehe za kuzaliwa na namba za akaunti za benki. Waziri wa fedha, Alistair Darling, alisimama bungeni tarehe 20 Novemba 2007 kulieleza taifa. Mkuu wa idara hiyo ya kodi, Paul Gray, alijiuzulu. Diski hazikupatikana.

Angalia vizuri kisa hiki. Kosa halikuanza kwa mjumbe aliyepoteza kifurushi. Lilianza pale mtu alipoona ni rahisi kutoa daftari lote kuliko kuchuja jibu. Kama zingetumwa zile safu chache zilizoombwa, kifurushi kilekile kingepotea, lakini namba za benki zisingekuwamo.

Kisa cha pili ni cha polisi wa Ireland ya Kaskazini, Agosti 2023. Mwananchi mmoja alitumia haki yake ya kisheria kuuliza swali dogo: kuna polisi na wafanyakazi wangapi katika kila cheo? Jibu lilikuwa jedwali la tarakimu tu. Lakini faili iliyotumwa ilikuwa na ukurasa mwingine nyuma, ambao waliokagua hawakuuona. Ukurasa huo ulikuwa na orodha iliyotumika kupata zile tarakimu: watu 9,483, kila mmoja na jina lake la ukoo, herufi za kwanza za majina yake mengine, cheo, mahali na kitengo anachofanyia kazi. Faili ilikaa wazi kwenye intaneti kwa muda wa saa mbili na zaidi.

Katika nchi ambako polisi wamewahi kuuawa kwa sababu ya kazi yao, saa mbili ni nyingi mno. Wengine huwa hawawaambii hata majirani wanafanya kazi gani. Mwaka 2024 polisi hao walitozwa faini ya paundi 750,000 kwa kosa hilo.

Kisa hiki kinawahusu wote wanaotumia majedwali ya kompyuta. Jedwali la Excel linaweza kuwa na kurasa zilizofichwa na safu zilizofichwa. Hata jedwali la muhtasari linaloonyesha jumla tu linaweza kubeba majina ndani yake: ukibofya mara mbili juu ya ile jumla, orodha ya watu waliohesabiwa inafunguka. Kwa hiyo kuficha si kufuta. Kama unataka kutuma jumla, fungua faili mpya iliyo tupu, andika au bandika tarakimu peke yake, ndipo utume hiyo faili mpya.

Kuondoa majina hakutoshi

Wengi wetu tunadhani tukifuta safu ya majina, kazi imekwisha. La, haijaisha.

Huko Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1990, shirika linalosimamia bima ya afya ya wafanyakazi wa serikali lilitoa kumbukumbu za matibabu kwa watafiti. Majina na anwani viliondolewa. Gavana wa jimbo, William Weld, aliwahakikishia watu kwamba siri zao ziko salama. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Latanya Sweeney, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, anakoishi gavana, kwa dola 20. Akailinganisha na kumbukumbu zile. Watu sita walikuwa na tarehe ya kuzaliwa sawa na ya gavana. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Mmoja tu ndiye aliyekaa katika eneo la posta la gavana. Basi akapata kumbukumbu za matibabu za gavana mwenyewe.

Kama gavana alijulikana katika mji mkubwa, mama wa kijijini atajificha wapi? Ukiandika "mjane, miaka 34, watoto pacha, anakaa karibu na daraja", hujaandika jina, lakini kijiji kizima kimekwisha kumjua.

Hata tarakimu zinaweza kusema. Ukitoa ripoti kwamba katika kijiji fulani kuna mgonjwa 1 wa kifua kikuu, watu watamtafuta mpaka wampate. Ndiyo maana ofisi nyingi za takwimu huficha hesabu ndogo. Wengi huandika "chini ya 5" badala ya kusema 1 au 2, au huunganisha vijiji kadhaa kuwa hesabu moja.

Tena angalia majibu mawili yanayofuatana. Leo umeulizwa wagonjwa ni wangapi, ukajibu 12. Wiki ijayo mtu mmoja mpya amejiunga na kikundi, unaulizwa tena, unajibu 13. Hujataja mtu, lakini aliyeuliza ameshajua hali ya yule mgeni. Basi anayetoa majibu akumbuke na yale aliyokwisha kutoa.

Hatua za kufuata

Tunapendekeza hatua hizi saba. Hazihitaji mtaalamu wa kompyuta kuzielewa, ingawa nyingine zitahitaji mtu wa kompyuta kuzitengeneza.

1. Anza na swali, usianze na faili. Mtu akisema "nipe data", mwulize anataka kujua nini na kwa kazi gani. Aandike kwa sentensi moja. Mara nyingi utakuta alichohitaji ni tarakimu mbili tu. Mfadhili anayetaka kujua wasichana ni wangapi na jumla ya karo yao ni shilingi ngapi, hahitaji jina hata moja.

2. Punguza mistari na punguza safu. Watu wengi hukumbuka kupunguza mistari, yaani wanatoa wanafunzi wa shule moja tu, lakini wanaacha safu zote 12. Kwa kila safu jiulize: ikikosekana, kazi yake itakwama? Kama haitakwama, iondoe. Badala ya tarehe ya kuzaliwa weka umri. Badala ya kijiji weka lokesheni.

3. Kila mtumiaji awe na jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Katika ofisi nyingi neno la siri ni moja, limeandikwa kwa kikaratasi na kubandikwa kando ya kompyuta. Watu watano wanaingia kama mtu mmoja. Jambo likiharibika, hakuna wa kuulizwa. Tena mmoja akiacha kazi, bado anaendelea kuingia kutoka kwake nyumbani. Siku mtu anapoondoka, njia yake ifungwe siku hiyohiyo.

4. Penye uwezekano, toa dirisha badala ya nakala. Dirisha ni swali lililowekwa tayari ndani ya hifadhidata. Mhasibu wa shule akiingia kwa jina lake, anaona wanafunzi wake 14 na safu zake 3. Mengine kwake ni kama hayapo. Hifadhidata nyingi zinaweza kufanya hivi. PostgreSQL, ambayo hutolewa bure, imekuwa na uwezo wa kumwekea kila mtumiaji mpaka wa mistari tangu toleo lake la mwaka 2016. KoboToolbox, inayotumiwa na mashirika mengi ya misaada kukusanya habari kwa simu, nayo inaweza kuwekwa ili mtu aone tu fomu zilizojazwa na watu fulani.

Dirisha lina faida nyingine. Mtoto akihama shule au karo ikibadilika, anayetazama anaona hali ya leo. Mwenye nakala ya Januari bado anazunguka na habari za Januari. Na ukitaka kumzuia mtu, dirisha linafungwa. Nakala iliyokwisha kutoka hairudi.

5. Kama ni lazima utoe nakala, ifunge. Faili ifungwe kwa namna inayogeuza maandishi kuwa fumbo, isiweze kufunguka bila neno la siri. Faili ikienda kwa barua pepe, neno la siri liende kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kumpigia simu mhusika. Ukiviweka pamoja ni sawa na kufunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa. Usitume orodha ya watu katika kundi la WhatsApp. Na unapotuma kiungo cha jedwali lililo kwenye intaneti, angalia kama kimewekwa "yeyote mwenye kiungo anaweza kuona". Kikiwa hivyo, basi kila atakayepelekewa kiungo hicho ataingia. Weka majina ya wanaoruhusiwa, mmoja mmoja.

6. Patana naye mwisho. Kabla ya kutoa, mkubaliane jibu hili ni la kazi gani, atakaa nalo mpaka lini, na kwamba hatampa mwingine bila kurudi kwenu. Kazi ikiisha, alifute, pamoja na nakala iliyo kwenye flashi na ile iliyobaki ndani ya barua pepe. Karatasi zichomwe. Tumeona karatasi za ofisi zikifungia njugu sokoni, na majina ya watu yakisomeka.

7. Andika nani alipewa nini. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, aliyeomba, swali lake, safu alizopewa, aliyeidhinisha, na siku ya kufuta. Hifadhidata nyingi pia zinaweza kuandika zenyewe nani aliingia na alitazama nini. Kamati ipitie kumbukumbu hizo kila baada ya miezi mitatu. Bila kupitiwa, hazina maana.

Hatua hizi zikifuatwa, kugawana habari kunawezekana hata kwa kiwango kikubwa. Wizara ya Afya yetu, kwa mfano, ilianza kutumia mfumo wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011. Vituo vya afya hupeleka huko jumla za kila mwezi: waliotibiwa malaria wangapi, watoto waliochanjwa wangapi. Kaunti na taifa hupanga kazi kwa kutumia jumla hizo, na majina ya wagonjwa hubaki kwenye rejista ya kituo.

Mkubwa akiomba

Shida kubwa haiko kwa kompyuta. Shida ni pale anayeomba ni mkubwa, na karani ni msichana wa miaka 23 aliyeajiriwa juzi. Chifu, mwakilishi wa wadi, mfadhili au mwenyekiti wa kamati akisema "nitumie orodha yote", ni vigumu kumkatalia.

Hakuna haja ya kukataa kwa ukali. Rudi kwenye hatua ya kwanza: swali. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Dada, nitumie ile orodha yote ya mradi, kuna chakula cha serikali kinakuja."

"Asante Chifu kwa kutukumbuka. Chakula hicho ni cha nyumba ngapi?"

"Nyumba arobaini. Wametaka zile zenye wazee wasiojiweza."

"Sawa, Chifu. Nitaomba kibali cha kamati, halafu nikuandalie majina ya hao arobaini na vijiji vyao. Hayo mengine ya orodha ni mambo ya nyumba za watu, na kamati imetuwekea sheria tusiyatoe."

Chifu amepata alichohitaji. Karani hakubishana, maana alikuwa na sheria ya kamati ya kuegemea. Ndiyo maana tunasihi kila kamati iandike sheria yake na kuipitisha mkutanoni kabla ya shida kuja. Karani asiachwe peke yake abebe mzigo wa kukataa. Na iwapo anayeomba hawezi kusema ni kwa kazi gani, hasa miezi ya karibu na uchaguzi, basi hilo lenyewe ni jibu.

Polisi au mahakama wanaweza kuja na amri ya kisheria. Hapo amri isomwe na wakuu wa ofisi, na kitolewe kile tu kilichotajwa humo.

Sheria inasema nini

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya habari za familia yake kutotakiwa au kutolewa bila sababu. Juu ya msingi huo Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kamishna wa kwanza wa kuisimamia aliapishwa Novemba 2020.

Sheria hiyo inataka habari za mtu zikusanywe kwa sababu iliyo wazi, zitumiwe kwa sababu hiyo, na zisizidi zinazohitajika. Hali ya afya, kabila, imani, mali, ndoa na majina ya watoto wa mtu ni habari nyeti zinazotaka ulinzi wa juu zaidi. Habari za mtoto zinataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwenye habari ana haki ya kuambiwa zinatumiwaje, kuziona, na kuomba zisahihishwe. Zikivuja na kuna hatari ya kumdhuru mtu, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Tena hali ya mtu ya virusi vya UKIMWI ina ulinzi wake katika sheria ya mwaka 2006. Kuitoa bila ruhusa ni kosa.

Kikundi kidogo kinaweza kusema, "Sheria hiyo ni ya makampuni." Si hivyo. Ni kweli kuna walio wadogo wasiolazimika kujiandikisha kwa Kamishna, lakini kutojiandikisha si kusamehewa kulinda habari za watu.

Waambieni watu wenyewe

Jambo la mwisho. Wenye daftari ni wale walioandikwa ndani yake. Siku ya kuandikisha, waambieni kwa lugha wanayoielewa: tunaandika mambo haya, kwa sababu hii, na wataoyaona ni hawa. Kama kuna safu ambayo hamwezi kueleza sababu yake mbele ya mama aliyekaa hapo na mtoto mgongoni, basi ifuteni kwenye fomu. Habari ambayo haikuandikwa haiwezi kuvuja.

Mama yule akisema siri yake kwa mfanyakazi wetu, amemkabidhi kitu ambacho hawezi kukirudisha. Anapomwona mtu mwingine anakijua, hatauliza kama ni kompyuta iliyokosea au ni karani. Atasema ni sisi. Na atakuwa na haki.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Orodha za kikundi chetu ziko kwa simu na kompyuta za nani? Je, kuna aliyekwisha kuondoka ambaye bado anazo?

2. Chukueni fomu yenu ya kuandikisha. Ni safu zipi ambazo hazijawahi kutumika kwa kazi yoyote?

3. Mara ya mwisho mtu alipoomba orodha, alihitaji nini, na alipewa nini?

4. Nani katika kamati anaidhinisha kutoa majibu? Kama hayupo, nani anashika nafasi yake?

5. Mtu akija kuuliza, "Mmeandika nini kunihusu, na mmempa nani?", je, tunaweza kumjibu leo?